Safari Iliyopita Ndiyo Inayompakia Farasi

Mwezi wa Aprili, mvua ikiwa imeshika, nilipigiwa simu na kijana anayefanya kazi ya usaisi katika mazizi fulani pembezoni mwa Nairobi. Farasi jike alikuwa akiumwa tumbo. Tangu saa nane mchana alikuwa akiparura ardhi kwa kwato, akigeuza kichwa kuutazama ubavu wake, akilala na kuamka, jasho likimtiririka shingoni. Farasi hawezi kutapika. Kilichoingia tumboni kikikwama hakina njia ya kurudi, na maumivu yaliyoanza kidogo mchana yanaweza kumuua kabla hakujapambazuka. Daktari alikuwa mjini, amenaswa kwenye foleni, akashauri wamlete kliniki. Trela ilikuwepo, gari lilikuwepo, dereva alikuwepo. Farasi akakataa kupanda.

"Mzee, tumejaribu kila kitu," aliniambia, na nyuma ya sauti yake nilisikia kwato zikigonga ubao na mtu akipiga kelele. Nilimwambia waache. Wamtembeze polepole mahali pakavu, wamsubiri daktari, hata kama atachelewa. Daktari alifika giza limeshaingia, akamchoma dawa ya maumivu, akampitisha mpira puani hadi tumboni na kummiminia mafuta, na usiku wa manane farasi akatoa choo. Alipona. Lakini angeweza kufa palepale, hatua chache kutoka kwenye trela iliyokuwa wazi ikimsubiri. Jambo hilo halijanitoka moyoni, kwa sababu siku hizi mazizi yameongezeka kuanzia Karen na Limuru hadi Naivasha, trela zimeongezeka, na naona watu wengi wanajifunza kumpanda farasi miaka mingi kabla ya kujifunza kumpakia.

Wiki iliyofuata kijana alikuja nyumbani. Alikuwa na swali moja: siku ile angefanya nini? Jibu langu halikumpendeza. Siku ile hapakuwa na la kufanya zaidi ya walilofanya. Nilimuuliza farasi yule alisafiri lini mara ya mwisho. Februari, akasema, walimpeleka mashindanoni, na kurudi walirudi usiku, dereva akikimbia kwa sababu mwenye gari alikuwa akilihitaji. Alishukaje? Alishuka kwa kurudi nyuma mbio, akateleza pembeni mwa ubao, akajichubua mguu. Na baada ya hapo? Baada ya hapo trela iliegeshwa nyuma ya ghala na hakuna aliyeigusa hadi siku ya ugonjwa.

Basi farasi alikuwa ameshaamua tangu Februari. Aprili alikuwa akitoa jibu tu.

Mimi nilianza kazi Molo, ubwabwa wa shingo haujanitoka, katika shamba lililozalisha farasi wa mbio. Wanaoijua Molo wanaijua baridi yake, ukungu wa asubuhi, mashamba ya viazi na pareto, na kondoo waliotapakaa kila kilima. Saisi mkuu alikuwa mzee ambaye baba yake naye alikuwa saisi, zamani za wazungu walowezi, upande wa Njoro. Hiyo ndiyo Njoro aliyokulia Beryl Markham katika mazizi ya baba yake, akawa mkufunzi wa farasi wa mbio angali msichana, miaka mingi kabla ya kuvuka Atlantiki peke yake kwa ndege mwaka 1936. Enzi hizo, mzee alituambia, farasi wa kwenda kushindana Nairobi walisafiri kwa garimoshi. Baba yake alilala ndani ya behewa, juu ya nyasi kavu, miguuni pa farasi wake, na asubuhi walishuka pamoja. Mzee alilisimulia hilo kila mara tulipotaka kumfungia farasi kwenye trela na kwenda zetu. Aliamini kwamba farasi anayesafiri na mtu anayemjua amebeba sehemu ya nyumbani kwake, nami sijaona sababu ya kumpinga.

Kazi ya mzee kuhusu trela aliifanya siku ambazo hakuna anayesafiri. Alimwomba dereva wa trekta aiburute trela hadi malishoni na kuiacha humo ikiwa bado imefungwa kwenye trekta. Hakukubali kabisa ifunguliwe, maana farasi akikanyaga nyuma ya trela isiyoshikiliwa na kitu, mbele hunyanyuka na sakafu humkimbia miguuni. Akishaonja hilo mara moja, itachukua miezi kumsahaulisha. Alitia mawe kwenye magurudumu. Alishusha ubao wa kupandia na kuuchapa kwa kisigino huku na huku akitafuta mahali unapocheza, akaliziba pengo chini yake kwa udongo. Kisha aliumwagia majani makavu, kwa sababu kwato kwenye ubao mtupu hutoa mlio ambao mnyama wa uwandani hana sababu ya kuupenda. Ndani aliweka lusani na pumba. Halafu aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mbali, akawa anarekebisha hatamu.

Majike wenye watoto ndio waliotangulia kuingia kwa sababu ya chakula, na watoto wakawafuata mama zao. Wale watoto walikua wakiihesabu trela kuwa sehemu ya malisho, mahali pa kulia na kujikinga mvua. Walipofikia umri wa kwenda Nairobi, hakuna aliyehitaji kuwapakia. Waliongozwa, wakaingia.

Kitu kingine alichonifundisha mzee ni kuigeuza trela. Kabla ya kumleta farasi, alitazama jua liko wapi. Jicho la farasi ni kubwa kuliko la karibu kila mnyama wa nchi kavu, na kwa kuwa limekaa pembeni mwa kichwa, humwonyesha karibu pande zote isipokuwa sehemu ndogo mbele ya paji la uso na nyingine nyuma ya mkia. Lakini jicho hilo linapotoka kwenye mwanga mkali na kuingia gizani huchukua muda mrefu kuzoea, mrefu kuliko letu. Saa sita mchana, sisi tunaiona trela na mapambo yake yote. Farasi anaona giza lenye kingo. Mzee aliigeuza ili jua liingie kwa nyuma hadi ndani, akafungua na ule mlango mdogo wa mbele ili mwanga upenye. Farasi aliyegoma dakika moja kabla alinyoosha shingo, akaona kwamba mle ndani kuna ukuta, kuna nyasi, na kuna njia ya hewa. Akishusha pua kunusa ubao, mzee alitukataza kumvuta. "Mwache asome," alisema.

Nilipohamia Nairobi, kwenye mazizi ya uwanja wa mbio wa Ngong, nilikuta mambo tofauti. Kule kulikuwa na haraka. Jioni moja ya Jumapili, mbio zimekwisha, farasi dume wa miaka miwili alitakiwa arudishwe shambani kwao, na dereva wa lori alitaka awe ameshateremka Mai Mahiu kabla ya usiku. Farasi alisimama chini ya ubao, masikio mbele, akitazama. Hakuwa amefanya kosa lolote. Hazikupita sekunde kumi kabla mtu mmoja hajaanza kumvuta kwa mbele. Farasi wa umri ule ana uzito unaokaribia kilo 450, na akivutwa kichwa, mwili wake hujibu kwa kuvuta nyuma. Wakaja wawili wakashikana mikono nyuma ya mapaja yake. Akaja mwingine na ufagio wa fito, akawa anamchoma nao miguuni. Farasi alirusha mguu mmoja juu ya ubao; aliyekuwa mbele, kwa furaha, akavuta kwa nguvu zaidi, na mwenye ufagio akachapa. Farasi akarudi nyuma na kusimama kwa miguu miwili. Aliyekuwa mbele akaogopa kwato, akalegeza kamba. Wakaanza upya. Safari hii alipoinuka, kisogo chake kiligonga chuma cha juu cha lori, na damu ikashuka katikati ya masikio hadi kwenye jicho.

Mwishowe walimfunika macho kwa gunia, wakamzungusha hadi akapoteza mwelekeo, wakamsukuma ndani. Mlango ulipofungwa, lori zima lilitikisika. Watu walipongezana.

Nimelirudia tukio lile kichwani mara nyingi kwa sababu lina somo zima la ufundi wetu, ila limegeuzwa kichwa chini. Farasi hajifunzi kwa kamba inapokaza. Anajifunza pale inapolegea, kwa sababu kulegea ndiko kunakomwambia kwamba hilo alilofanya sasa hivi ndilo lililotakiwa. Yule farasi alipokanyaga ubao, jambo ambalo kila mtu alilitaka, alivutwa na kuchapwa. Alipoinuka juu, jambo ambalo kila mtu aliliogopa, aliachiwa. Watu wote waliokuwa pale walikuwa walimu wake jioni ile, na wote walimfundisha kinyume cha walichokusudia. Alikuwa mwanafunzi mwepesi. Tangu siku hiyo aliinuka hata kwa kusikia mnyororo wa mlango wa lori ukilia upande wa pili wa uwanja.

Nilikuja kuona baadaye kwamba jambo hili lilijulikana tangu zamani mno. Xenophon, Mgiriki aliyekuwa askari na mpenda farasi, aliandika katika karne ya 4 kabla ya Kristo kwamba mtu asimwendee farasi akiwa na hasira, na kwamba farasi akiogopa kitu asichapwe ili akikaribie, kwa kuwa atadhani maumivu yale yanatoka kwenye kitu hicho. Imepita zaidi ya miaka 2,300. Ufagio ungali umesimamishwa kwenye ukuta wa kila banda, na si kwa ajili ya kufagia tu.

Farasi yule dume aliporudishwa Ngong miezi kadhaa baadaye, nilikabidhiwa mimi. Sikumpeleka karibu na gari lolote kwa muda mrefu. Tulianzia kwenye kiwanja cha nyasi, na kazi yetu ilikuwa hatua moja. Ninaikaza kamba kidogo, kidogo tu, kiasi cha kuihisi kwenye vidole. Nangoja. Akiegemeza uzito wake mbele, hata kama mguu haujaondoka chini, nalegeza papo hapo na kusimama kimya. Kisha hatua ya kurudi nyuma kwa mpango huohuo. Kisha kusimama. Baada ya hapo niliweka mbao chini, tukazikanyaga. Niliweka turubai, tukalivuka. Mnyororo niliuvisha tyubu ya baiskeli ili usilie, nikauning'iniza mlangoni mwa banda lake alikolia chakula. Siku zilivyokwenda nilikata kipande cha tyubu, nikakata kingine, mpaka siku moja mnyororo ulikuwa mtupu, unalia kila upepo ukivuma, na yeye anakula.

Tulipofika kwenye ubao wenyewe, kanuni niliyoishika ilikuwa kumrudisha nyuma kabla hajaomba. Miguu miwili ya mbele juu ya ubao, pumzi mbili tatu, kisha tunashuka kwa hiari yangu, yeye hajafika mahali pa kuogopa. Mtu asiyezoea hudhani huko ni kupoteza ulichokwisha kupata. Lakini farasi anayejua kwamba njia ya kutoka ipo hana sababu ya kuitafuta kwa nguvu, na aliyefundishwa kurudi nyuma taratibu, mguu baada ya mguu, hatateleza pembeni mwa ubao usiku akirudi kutoka mashindanoni. Nilikuwa nikitazama taya. Farasi mwenye hofu hukaza taya na mdomo wa chini, jicho likawa halipepesi, pumzi ikabaki juu puani. Hofu ikimshuka hulamba midomo, hutafuna hewa, kichwa hushuka chini ya bega, na hutoa pumzi ndefu unayoweza kuisikia. Nilikuwa siendi mbele mpaka niisikie hiyo pumzi. Kuna siku haikuja kabisa, tukarudi bandani.

Nilipokuwa kwenye kazi hiyo ndipo nilipoanza kuangalia wanyama wengine wanapopakiwa. Siku moja kwenye soko la mifugo la Kiserian niliona ng'ombe wamekwama kwenye njia ya kupandia lori, vijana wakiwasokota mikia. Mzee mmoja wa Kimaasai alipita akasimama, akainama mpaka macho yake yakawa usawa wa macho ya ng'ombe wa mbele, kisha akawaambia vijana waondoe koti lililotundikwa kwenye nguzo ya pembeni, mikono ya koti ikipepea. Koti likatolewa. Ng'ombe wakapanda. Huko Marekani, mtaalamu wa mifugo Temple Grandin amejenga kazi yake ya maisha juu ya jambo hilo: aliingia mwenyewe kwenye njia za kupitishia ng'ombe na kuona wanachokiona wao, kivuli kilichokatiza sakafuni, mnyororo unaoning'inia, dimbwi linalometameta. Mzee wa Kiserian hakumhitaji Grandin kumfundisha, na nadhani Grandin angefurahi kusimama naye. Kenya tunayo Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, na ni vizuri kuwa nayo, lakini kijana anayesokota mkia wa ng'ombe hajawahi kuonyeshwa la kufanya badala yake. Hapo ndipo pengo lilipo.

Sasa nije kwa dereva, maana hapa ndipo ninapotofautiana na wengi.

Nilifanya kazi kwa mama mmoja mwenye mazizi, mkali kwa watu na mpole kwa farasi. Hakumruhusu dereva yeyote kuvuta trela yake yenye farasi kabla ya dereva huyo kusimama humo ndani mwenyewe, kwenye barabara ya shamba, trela ikivutwa polepole na mtu mwingine. Mimi nami nilipita humo, ingawa kazi yangu ilikuwa kuongoza farasi. Niliingia, nikapanua miguu, mkono wangu ukatafuta chuma cha kifuani.

"Usishike chochote," alisema kutoka mlangoni. "Farasi hana mikono."

Tukaondoka. Gari halikuwa likienda kasi kuliko mtu anayekimbia, lakini kila dereva alipogusa breki nilisukumwa mbele na vidole vya miguu vikakamata sakafu. Kwenye kona nilikuwa bado najisawazisha wakati gari linaponyooka, na dereva akikanyaga mafuta kabla trela haijamaliza kona, nilitupwa mara ya pili upande wa pili. Tuta dogo ambalo mbele kwenye gari hulisikii, kule nyuma hupiga magoti. Tulipomaliza, mapaja yalikuwa yanauma, na safari yenyewe ilikuwa fupi. Abiria aliyesimama kwenye matatu angenielewa, isipokuwa abiria huona barabara na hujua kona inakuja.

Farasi akisimama, sehemu kubwa ya uzito wake, karibu asilimia 60, iko kwenye miguu ya mbele. Breki inauongeza mzigo huo. Anachoweza kufanya ni kuinua kichwa, kuegemea nyuma na kupanua miguu, na anafanya hivyo kwa misuli muda wote wa safari, hata pale tunapodhani amepumzika. Watafiti waliopima mapigo ya moyo wameona katika baadhi ya majaribio kwamba farasi wanaosafiri wakitazama nyuma hutulia zaidi kuliko wanaotazama mbele, jambo ambalo halinishangazi kwani nyuma ndiko kwenye nyama ya kupokea msukumo. Trela nyingi tulizonazo hazikuundwa hivyo. Basi kilichobaki ni namna ya kuendesha.

Palikuwa na jike mmoja, mtu mzima, mwenye sifa mbaya. Alipanda bila shida, lakini kwenye kila kona alirusharusha miguu mpaka anapiga kuta kwa mateke, na alifika amelowa jasho. Watu walisema ana wazimu. Mama yule aliitazama trela waliyokuwa wakimsafirishia, akaona kizuizi cha katikati kinashuka hadi sakafuni. Jike hakuwa na pa kupanulia miguu. Kizuizi kikaondolewa, akapewa nafasi nzima peke yake, na kwenye kona zilezile akasimama kimya. Wazimu haukuwepo. Palikuwa na mnyama aliyekuwa akianguka kila kona kwa miaka kadhaa na kujaribu kutoanguka.

Barabara ya kuteremka Mai Mahiu, ile iliyojengwa na mateka wa Kiitaliano wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, wakaacha na kanisa lao dogo kando ya mteremko, imenifundisha zaidi ya kiwanja chochote. Nimeshuka nayo na madereva wa aina mbili. Wapo waliokanyaga breki kila kona, trela ikisukuma gari, malori ya mizigo yakipiga honi nyuma, na tulipofika Gilgil farasi alikuwa anatetemeka. Na palikuwa na mmoja, marehemu sasa, aliyeweka gia ndogo pale juu kabla mteremko haujaanza, akaacha nafasi kubwa mbele yake, akaziruhusu matatu zote zimpite. Hakuzungumza akiendesha. Ukimfungulia farasi wake Molo, alikuwa anatafuna. Wiki iliyofuata farasi wa dereva yule walipanda wakiongozwa na yeyote, hata na mtoto wa shule aliyekuja likizo. Wa madereva wengine walihitaji wanaume wanne na ufagio. Sisi masaisi tulisifiwa au kulaumiwa kwa yale yaliyofanywa na mguu wa mtu mwingine kwenye breki.

Safari ndefu zina lao jingine. Farasi aliyefungwa kichwa juu kwa saa nyingi hawezi kukishusha ili makamasi na vumbi la nyasi vitoke kwenye njia ya hewa, na vitu hivyo vikishuka mapafuni huleta homa kali ya mapafu siku mbili tatu baada ya kufika, wakati kila mtu ameshasahau safari. Tukienda Nanyuki tulisimama njiani mahali penye kivuli, tukalegeza kamba hadi pua iguse sakafu, tukawapa maji, tukawasubiri wakojoe. Dakika ishirini au thelathini hivi. Wenye haraka waliona tunachelewa.

Hayo yote ndiyo niliyomweleza kijana wangu, na tangu Mei nimekuwa nikienda kwenye mazizi yao siku za Jumamosi. Trela ilitolewa nyuma ya ghala, ikaoshwa, kwa sababu ndani ilikuwa na harufu ya mkojo wa panya na kinyesi cha zamani cha farasi aliyeogopa. Sakafu tuliing'oa zulia la mpira tukaikagua kwa bisibisi. Ubao mmoja ulikuwa umeoza, ukabadilishwa. Jike yule wa Aprili alianza kwa kukataa kufika hata umbali wa hatua kumi. Tulikaa kwenye hatua kumi na moja. Kijana alitaka tumwekee karoti ndani, nikamwambia karoti ije baadaye, kwani mnyama mwenye hofu ambaye amevutwa na njaa hadi mahali asipopaamini huweza kushtuka akiwa katikati, na hapo ndipo watu huumia. Kwanza afahamu kwamba anaweza kuondoka.

Tumewafunza wote wa pale utaratibu mmoja ambao hauna mjadala. Farasi akiingia, chuma cha nyuma kinafungwa kwanza, ndipo kamba ya kichwa ifungwe. Wakati wa kushusha, kamba ya kichwa inafunguliwa kwanza, ndipo chuma cha nyuma. Farasi aliyefungwa kichwa na kuachwa wazi nyuma atarudi, atakuta kamba, atatupa kichwa juu, na yatakuwa yale ya Ngong. Kamba yenyewe tunaifunga kwenye kitanzi cha uzi wa kufungia majani makavu, si kwenye chuma, ili siku ya shida kikatike kitanzi badala ya shingo.

Sasa jike anapanda asubuhi na jioni. Mchana, jua likiwa kali, bado husita, na vijana wamezoea kuigeuza trela bila kuambiwa. Safari yake ya kwanza ilikuwa kwenda shamba la jirani, akashuka, akalishwa nyasi, akarudi. Ya pili ilikuwa hiyohiyo. Dereva, ambaye mwanzoni alikaa ndani ya gari akichezea simu, nilimwomba asimame ndani ya trela tukizunguka nayo shambani, naye alikubali bila kinyongo. Alishuka amenyamaza. Tangu siku hiyo huja mapema, hukagua upepo wa matairi, na huuliza ni nani anayesafiri leo.

Mwenye mazizi aliniuliza juzi kama chanjo ya mwaka, ile ya ugonjwa wa farasi unaoenezwa na visubi, daktari aje kuwachanja palepale kama kawaida. Nilimwomba jike huyu apelekwe kliniki. Gharama ya mafuta inaongezeka, naijua. Lakini njia ya kwenda kule ndiyo aliyoikataa mwezi wa Aprili, na msokoto wa tumbo ukimshika farasi mara moja huweza kumrudia. Tumekubaliana: wataondoka asubuhi, wapite njia isiyo na matuta mengi, afike, aachwe ale nyasi za pale, achanjwe, ale tena, kisha arudi na dereva yuleyule.